Kukadiria idadi ya samaki bwawani bila kukausha maji

Ulipandikiza vifaranga 2,000 vya sato miezi minne iliyopita. Tangu hapo mnandi amekula, mdiria amekula, wengine wamekufa usipoona. Wamebaki wangapi? Ukilisha kwa hesabu ya 2,000 kumbe wako nusu, chakula kinaozea majini. Njia ninayotumia ni ya Petersen, Mdenmaki wa karne ya 19, na haihitaji zaidi ya wavu, mkasi na simu yenye kikokotoo.

Hatua ya 1. Vuta kokoro, yaani wavu wa kukokota (ziwani ni marufuku, bwawani kwako hakuna atakayekukamata). Tuseme umepata samaki 150. Kata ncha ndogo ya pezi moja la tumboni kwa kila mmoja, kisha uwarudishe.

Hatua ya 2. Subiri siku mbili tatu wachanganyike. Usikae mwezi mzima, pezi huota tena.

Hatua ya 3. Vua tena. Tuseme umepata 180, na kati yao 24 wana alama.

Hatua ya 4. Kama sampuli ni ya haki, uwiano wa wenye alama ndani yake unakaribia ule wa bwawa zima: 150 × 180 ÷ 24 = 1,125. Lakini kanuni hii huelekea kuzidisha kidogo, hasa wenye alama wakiwa wachache, kwa hiyo mimi hutumia masahihisho ya Chapman ya 1951, ambayo huongeza 1 kwa kila namba: (151 × 181) ÷ 25, toa 1. Jibu ni 1,092.

Hatua ya 5. Wengi huishia hapo, wakamtangazia mnunuzi "nina samaki 1,092". Hapana. Kokotoa kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi kadirio linavyoweza kupotoka. Anza na hesabu hii (26 ni 24 + 2):

151 × 181 × (150 − 24) × (180 − 24) ÷ (25 × 25 × 26)

Kipeuo cha pili cha jibu hilo, ndilo kosa sanifu, ni karibu 182. Zidisha kwa 1.96, unapata 356. Basi samaki wako wako kati ya 736 na 1,448, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Ni pana, najua. Ungevua 360 ukakuta 48 wenye alama, 356 ingeshuka hadi 236 hivi.

Hesabu ni rahisi, kinachoharibu ni uvuvi wenyewe. Ukiwaachia kona moja na kuvua kona ileile, wenye alama watajaa na kadirio litakuwa dogo mno. Wakifa kwa kushikwa vibaya, au wakajifunza kuukwepa wavu, utajiona tajiri wa samaki wasiokuwepo. Na sato huzaliana ovyo: hesabu wakubwa tu, vitoto viache nje ya sampuli zote mbili.

Kwa kulisha, mimi huanza na kiasi cha samaki 800 hivi. Wakikimaliza ndani ya dakika kumi siku tatu mfululizo, naongeza.