Kuandika ripoti ya titresheni

Titresheni ni kutafuta mkolezo wa kimiminika, kama asidi, kwa kupima ujazo wake unaohitajika kumaliza kiasi kinachojulikana cha alkali. Anza na jedwali, ukiwa bado maabara. Usomaji wa bureti (mrija wenye alama unaotoa asidi) uandikwe kwa wino, desimali mbili zinazoishia na 0 au 5: 24.30, si 24.3. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili namba ya awali isomeke.

Lengo ni sentensi moja tu. Njia ieleze kilichofanyika: “Mililita 25.00 za haidroksidi ya sodiamu zilipimwa kwa pipeti,” si “chukua pipeti.”

Wastani utoke kwenye majaribio yasiyopishana zaidi ya mililita 0.10, lile la kukadiria liache nje. Onyesha kila hatua na vipimo vyake. Kwa mililita 25.00 za alkali hiyo yenye mkolezo wa 0.100 mol/dm³, na wastani wa mililita 24.30 za asidi hidrokloriki: 0.02500 dm³ × 0.100 mol/dm³ = mol 0.00250 za alkali, na asidi ni mol hizo hizo kwa kuwa mol moja humaliza mol moja; basi mol 0.00250 ÷ 0.02430 dm³ = 0.103 mol/dm³.

Mjadala ndipo alama nyingi hupotea. “Makosa ya kibinadamu” hayaelezi chochote! Taja kosa na upande lilikovuta jibu: bureti iliyosuuzwa kwa maji pekee huzimua asidi, ujazo unaotumika huongezeka, na mkolezo unaokokotolewa hushuka.