Hela ya mwaka mzima si mauzo ya leo

Mwaka wangu wa kwanza kushika hesabu za kampuni ya programu za mtandaoni hapa Dar, nilimfurahisha bosi kupita kiasi. Wateja walilipia mwaka mzima kwa mkupuo, nami nikazipiga zote kwenye mauzo. Faida ikanona, bonasi ikatoka. Machi akaja mkaguzi wa hesabu, akafungua mkataba wa juu kabisa kwenye faili, akaniuliza: "Huduma ya Septemba ijayo umeshaitoa?"

Tangu siku hiyo mfano wangu ni baba mwenye nyumba wa Sinza anayetaka kodi ya miezi 6. Hela anayo mfukoni, lakini akikutoa baada ya miezi 2 anadaiwa ya minne. Programu ya wingu, yaani ya mtandaoni, nayo haiuzwi, inapangishwa. Kila mwezi ukipita mteja akiitumia, fungu moja linakuwa lako. Lililobaki ni deni: unadaiwa kazi.

Kanuni yenyewe ni IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu mapato, iliyoanza kutumika 1 Januari 2018 (Wamarekani wana ASC 606, ndugu yake). Ina hatua 5: hakikisha mkataba upo, orodhesha ulichoahidi, jua bei, igawe bei kwa kila ahadi, kisha ingiza mapato kila ahadi inapotimizwa. Jasho liko kwenye ya pili na ya nne.

Chukua mteja wa mfano, duka la dawa la jumla Kariakoo. Ankara inasema: huduma ya mwaka kuanzia 1 Oktoba, shilingi 3,600,000, na chini yake muuzaji kaandika kwa mbwembwe "mafunzo ya siku 2 BURE". Ongeza VAT ya 18%, yaani 648,000, mteja analipa 4,248,000. Hiyo 648,000 iondoe kichwani mapema. Ni ya serikali, na inaingia yote kwenye hesabu ya VAT unayopeleka TRA, mamlaka ya mapato, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Haisubiri mapato yako yatandazwe miezi 12.

Sasa hilo neno BURE. Kwenye vitabu hakuna bure. Mafunzo mteja anaweza kuyanunua peke yake, na wewe mwenyewe huwa unayauza 400,000. Kwa hiyo ni ahadi inayojitegemea. Jumlisha bei za kawaida: 3,600,000 na 400,000 ni 4,000,000. Huduma ni 90% ya hiyo, mafunzo 10%. Gawa kile alicholipa kwa uwiano huohuo: huduma 3,240,000, mafunzo 360,000.

Siku hela inapoingia: debiti (upande wa kushoto) benki 4,248,000, krediti (upande wa kulia) VAT 648,000, krediti mapato yaliyopokelewa kabla 3,600,000. Akaunti hiyo ya mwisho inakaa upande wa madeni kwenye mizania (taarifa ya mali na madeni), na bosi atanuna akiiona. Mwache anune. Mafunzo yakiisha Oktoba, toa 360,000 humo upeleke kwenye mapato. Kisha kila mwisho wa mwezi toa 270,000. Ikifika 31 Desemba umeingiza 1,170,000, na deni limebaki 2,430,000, yaani miezi 9 kamili.

Saa ianze kuhesabu siku mteja anapoweza kuingia kwenye mfumo. Mkataba unaweza kusainiwa tarehe 1, hela ikaingia tarehe 5, nenosiri akapewa tarehe 11. Hesabu siku kuanzia 11.

Ada ya kufungua akaunti inawachanganya wengi. Umemtoza 200,000 kumwandalia akaunti tu, kazi ambayo bila huduma yenyewe haimfai kitu. Hiyo haijitegemei. Ichanganye na huduma, uitandaze pamoja nayo. SMS zinazotozwa kwa idadi aliyotuma ni rahisi: ziingie mwezi zilipotumwa.

Kamisheni ya muuzaji ina mtego. Ikiwa inahusu mkataba wa mwaka mmoja au chini, unaruhusiwa kuiingiza kwenye gharama palepale. Lakini kama mnategemea mteja atahuisha miaka kadhaa na muuzaji hatalipwa tena kamisheni ya kulingana na ile, iweke kama mali uipunguze kwa miaka hiyo yote.

Jingine nililolipia ada ya ujinga: kutuma ankara ya mwaka ujao mwezi Desemba kwa mteja anayeweza kujitoa bila faini, kisha kuiandika kama deni analodaiwa. Hajalipa, huduma haijaanza, na huna haki ya kumdai. Usiiandike kwenye madeni ya wateja wala kwenye mapato, hata kama muuzaji anaapa kwamba hela iko njiani.

Mimi natumia Excel tu. Kila mkataba una mstari wake: tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, kiasi bila VAT, halafu safu 12 za miezi, na mwisho safu ya salio. Kila mwisho wa mwezi najumlisha ile safu ya salio nailinganisha na leja, daftari kuu la hesabu. Zikipishana hata shilingi 100 silali. Mara nyingi ni mteja aliyeongeza tawi katikati ya mwaka na muuzaji akasahau kuniambia.