Namna ya Kuvika Ndoana Manyoya kwa Ajili ya Mgebuka

Katika mialo ya Kigoma, kuanzia Kibirizi hadi Katonga na Ujiji, mgebuka huvuliwa kwa nyavu na taa, lakini huvuliwa pia kwa mshipi wenye ndoana kadhaa zilizovikwa manyoya, bila chambo chochote. Samaki huyu ni mwindaji anayefuata makundi ya dagaa, na ndoana iliyofungwa vizuri humwonyesha dagaa mchanga anayekimbia. Ufundi wenyewe ni wa kale: yapata miaka 1,800 iliyopita, mwandishi mmoja wa Roma alieleza jinsi wavuvi wa Makedonia walivyozungushia ndoana sufu nyekundu na kufunga juu yake manyoya mawili ya jogoo, na hadi leo wavuvi wa trauti huko Ulaya hufanya karibu vivyo hivyo wakiiga wadudu. Sisi tunaiga dagaa, kwa hiyo tunahitaji wembamba na mng'ao kuliko kitu kingine chochote.

Chagua ndoana yenye shina refu, la sentimita mbili hivi, ukikumbuka kwamba namba ya ndoana inapokua, ndoana yenyewe huwa ndogo zaidi. Manyoya yanayofaa ni yale membamba ya shingoni mwa jogoo mweupe, kwa kuwa ya mbawa ni magumu na hayachezi majini. Tafuta pia uzi imara wa cherehani, ukanda mwembamba wa karatasi ya kung'aa, na kipande cha nta ya nyuki, ambayo si adimu kwetu kwa kuwa majirani zetu wa Tabora ni warina asali wa siku nyingi. Ndoana ibanwe kwa koleo, na mikono ya koleo ifungwe kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli ili isiachie. Mikono yako yote miwili itabaki huru.

Pitisha uzi kwenye nta mara mbili au tatu. Usiiruke hatua hii, kwani ndoana zangu za kwanza nilizifunga kwa uzi mkavu, na baada ya samaki wachache manyoya yote yalikuwa yamezunguka yakaishia upande wa ncha. Anza karibu na tundu la ndoana, uzungushe uzi juu ya mwisho wake wenyewe mara tano au sita hadi ujishike, kisha uendelee kushuka kwa mizunguko inayogusana mpaka usawa wa kijino. Hapo funga ncha ya ukanda wa kung'aa, rudisha uzi kuelekea kwenye tundu, halafu uviringe ukanda kulifuata shina, kila mzunguko ukilalia kidogo ule uliotangulia. Huo ndio ubavu wa dagaa.

Sasa ondoa vinyoya laini vya chini kwenye manyoya mawili, uyalaze juu ya shina, migongo yake ikitazama nje, na uyafunge nyuma tu ya tundu. Yasizidi mpindo wa ndoana kwa zaidi ya nusu ya urefu wa shina, kwa sababu yakiwa marefu mgebuka hung'ata mkia na kuikosa ncha. Wengi huongeza unyoya wa tatu na wa nne wakidhani samaki ataona vizuri zaidi. Mimi ninawasihi wasifanye hivyo. Ndoana isihukumiwe ikiwa kavu mkononi: itumbukize kwenye karai la maji, uivute taratibu kwa uzi, uone manyoya yakijikusanya kuwa mwili mmoja mwembamba, kisha yakipanuka kidogo unaposita. Iliyojaa manyoya huenda kama kitambaa kilicholowa.

Kumalizia, kunja kipande cha uzi mwingine kiwe kitanzi, kilaze kando ya shina, uzungushe uzi wako juu yake mara sita, upitishe ncha ndani ya kitanzi, kisha uvute kitanzi ili ncha izame chini ya mizunguko. Weka tone moja la rangi ya kucha isiyo na rangi, bila kuziba tundu, na uache ikauke usiku kucha.

Kwenye mshipi, kila ndoana ining'inie kwa uzi wa nailoni wa sentimita 12, na kati ya ndoana na ndoana iwepo nafasi ya sentimita 30 au zaidi, ili mbili zilizo jirani zisifikiane na kusukana. Chubwi ikae mwisho kabisa. Mshipi ukishashuka, inua mkono kwa ghafla na uushushe polepole, kwani mara nyingi mgebuka hushika wakati manyoya yanaposhuka.

Ukirudi nchi kavu, zikaushe ndoana kivulini, uzichomeke kwenye kipande cha ndala kuukuu. Kopo lililofungwa huhifadhi unyevu, na kutu huanzia chini ya uzi, mahali usipopaona.