Tatu juu ya tano: mlima wa theluji kwa ski, kwa watu wa Goma walioko Uswisi

Mtu wa Goma amekulia chini ya bendera ya njano, ile ya tahadhari ya volkano ya Nyiragongo. Volkano ilikaa kwenye njano miaka na miaka, watoto wakaenda shule, soko la Virunga likafunguliwa kila asubuhi, njano ikawa rangi ya siku ya kawaida. Mazoea hayo ndiyo yanayotuponza huku Alpi, tunapopanda mlima kwa ski (mbao za kutelezea juu ya theluji) nje ya njia rasmi.

Majira ya baridi, taasisi ya utafiti wa theluji, SLF, iliyoko Davos hutoa kila siku taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji, ngazi 1 hadi 5. Ndugu yetu anaona 3, anaisoma kama pointi za darasani: tatu juu ya tano, katikati, twende. Hapana. Tatu si katikati. Hatari haipandi kwa hatua zilizo sawa, na takriban nusu ya wanaokufa kwa maporomoko Uswisi hufa siku za 3. Siku za 4 na 5 theluji inamwagika, barabara zinafungwa, hata mkaidi anabaki nyumbani. Siku ya 3 jua linaweza kuwaka na mbingu ikawa safi kabisa. Kumbe mtu mmoja mwenye ski anatosha kuangusha mteremko mzima. Wengi mno kati ya wanaofunikwa, poromoko wameliangusha wao wenyewe au mwenzao wa msafara. Si mlima uliowafuata.

Taarifa hutoka saa kumi na moja jioni (17:00), na katikati ya majira hurekebishwa saa mbili asubuhi. Ipo kwa Kifaransa, kwa hiyo hatuna udhuru. Usiishie kwenye namba. Soma miteremko inayotajwa inatazama upande gani, kuanzia urefu gani, na tatizo ni lipi: theluji mpya, theluji iliyosombwa na upepo, tabaka dhaifu lililozikwa chini, au theluji iliyolowa. Tabaka dhaifu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu juu hulioni na linaweza kukaa wiki nyingi. Tangu majira ya 2022/23 kuna pia alama ndogo pembeni ya namba: 3+ iko jirani na 4. Irudie tena kichwani: tatu si katikati.

Kisha ramani. Ile ya swisstopo, ofisi ya ramani ya serikali ya Uswisi, ni ya bure kwenye simu, na ukiwasha rangi za miteremko utaona njano kuanzia mwinamo wa nyuzi 30, chungwa 35, nyekundu 40, zambarau 45. Njano tena, na hapa ndipo woga unapoanza. Kanuni ya zamani ya wapanda milima: ngazi 2, kaa chini ya nyuzi 40, ngazi 3, chini ya 35, ngazi 4, chini ya 30. Kwa aliyeijua theluji ukubwani tunashauri jambo kali zaidi: siku ya 3, usiguse rangi yoyote.

Kosa linalojirudia ni kupima pale ski inapopita tu. Siku ya 3 unapima mteremko wote, pamoja na ulio juu ya kichwa chako. Unaweza kuwa kwenye nyuzi 20, mahali pa kupumzika na kunywa chai, na mzigo ukashuka kutoka nyuzi 38 mita 200 juu yako. Na ukisikia theluji chini ya miguu ikitoa mngurumo mfupi, mzito, kisha uso wake ukashuka kidogo, tabaka limevunjika. Geuka hapo hapo, rudi kwa alama za ski ulizoziacha wewe mwenyewe kwenye theluji.

Tunasema zako mwenyewe, kwa sababu alama za wengine si ushahidi kwamba mteremko ni salama. Wakati njia ya Nyiragongo ilikuwa wazi, ulilipa, ukapewa walinzi wa hifadhi, na wakisema leo hakuna kupanda, hakuna kupanda. Huku hakuna geti, hakuna kibali, hakuna mlinzi. Mwenyeji ukimuuliza njia atakuonyesha kwa adabu, hatakuambia "usiende", hata kama moyoni anaona unakwenda kufa. Wazungu hawa huweka habari mezani na kuamini kila mtu mzima amesoma. Wapo wanaoona huo ni uhuru; sisi tunaona una ubaridi wake. Kwa vyovyote, usichukue kimya chao kuwa ruhusa.

Vifaa: ski za kupandia na ngozi zake (vitambaa vya kubandika chini ili zisirudi nyuma), visu vya ski (vyuma vya meno vya kushika theluji ngumu), kofia, nguo za tabaka, maji lita moja na nusu. Penye barafu ya kudumu kuna nyufa, kwa hiyo ongeza kamba, mkanda na mtu anayejua kuvitumia. Vitatu havijadiliwi, na kila mmoja abebe vyake: DVA (kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefunikwa), sonda ndefu ya kuchomea theluji, na beleshi la chuma. DVA ivaliwe mwilini chini ya koti, simu ikae mbali nayo sentimeta 20, na wakati wa kutafuta sentimeta 50 au izimwe. Betri ziwe za alkali. Pale mwanzo wa safari kiongozi aweke yake kwenye kutafuta, wengine wapite mbele yake mmoja mmoja, kila moja isikike. Aliyefunikwa ana nafasi nzuri dakika 10 hadi 15 za mwanzo, basi. Helikopta haitafika kwa muda huo. Wewe ndiye msaada. Sonda ikimgusa, iache palepale, chimba kutokea upande wa chini wa mteremko.

Muda: hesabu mita 300 hadi 400 za kupanda kwa saa. Wildstrubel (mita 3,244) kutoka Engstligenalp (1,964) ni mita 1,280, yaani saa tatu na kidogo hadi nne na robo bila kupumzika. Majira ya kuchipua theluji hulowa mapema, kwa hiyo ondokeni gizani. Kwenye mwinuko mkali achaneni mita 10, na kushuka ni mmoja mmoja.

Sasa makuta. Ukiajiriwa saa 8 au zaidi kwa wiki kwa mwajiri mmoja, bima ya ajali ya kazini inakulinda hata siku ya mapumziko. Mwanafunzi au asiye na kazi ana bima ya afya ya lazima tu, nayo hulipa nusu ya gharama za uokoaji, mwisho franka 5,000 kwa mwaka. Mchango wa Rega, shirika la uokoaji kwa helikopta, ni franka 40 kwa mwaka. Si bima, ila Rega inaweza kukufutia bili ambayo bima haikulipa. Namba yao ni 1414. Nchi jirani piga 112.

Na shemeji anayekuja kutembea, aliyenunua ile bima ya viza ya Schengen ya euro 30,000 na kuamini ameshamaliza: mwambie taratibu asome sehemu ya yasiyolipwa. Mikataba mingi ya bei nafuu huondoa ski nje ya njia rasmi. Kama imeondolewa, mpelekeni kwenye sleji za watoto.