Kabla Hujaingia Makumbusho ya Lamu, Pita Mitaani Kwanza

Wageni wengi wakishuka gatini Lamu huelekea moja kwa moja kwenye jumba la makumbusho lililoko ufukweni. Ushauri wangu ni uliache hadi mwisho. Vitu vilivyowekwa mle vilitoka katika vyumba, milango na sherehe za mji huu, na asiyekijua chumba hatajua kwa nini kiti cha enzi kina mgongo mrefu namna ile, wala kilikuwa kikimngoja nani.

Basi maandalizi ya kwanza ni miguu. Pita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, asubuhi, jua halijawa kali, kisha kata uingie vichochoro vya mtaa wa Mkomani. Kuta ni nene, za matumbawe na chokaa, na madirisha yanayotazama njia ni machache. Inua macho uone wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kikiunganisha nyumba mbili. Hizi ni nyumba za watu, na wenyewe wamekaa barazani: toa salamu kabla hujatoa simu, na picha ya mtu iombwe. Vaa mavazi ya heshima na viatu vyepesi kuvua. Ijumaa adhuhuri usijipangie jambo, mji unaswali.

Ukifika kwenye mlango wa nakshi, sogea karibu. Tazama mfaa, ule mti wa katikati ulioshikamana na ubawa mmoja wa mlango, halafu kizingiti cha juu. Fuata patasi ilipozama na ilipogusa tu. Nakshi za kina kifupi zilizotiwa nyekundu na nyeusi huhusishwa na mafundi wa mji wa Siyu, kule kisiwani Pate. Beba daftari na penseli uchore japo ua moja. Mimi naamini mkono unaochora huona zaidi ya simu inayopiga picha kumi.

Sasa nenda kwenye nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 iliyokarabatiwa ikafanywa makumbusho. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mwanga unaingia kutoka kiwanda, ule ua wa ndani, na kila ukisogea chumba kimoja nyuma giza linazidi. Tulia kidogo macho yazoee. Pima upana wa chumba kwa hatua, kisha tazama dari. Chumba ni kirefu lakini chembamba, kwa kuwa dari imelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti hizo hazifiki mbali zaidi ya mita 3 hivi. Msitu wa mikoko ndio ulioamua upana wa sebule za matajiri wa Lamu. Ukishalijua hilo, kila chumba utakachoingia mjini utakisoma upya.

Ukutani kuna zidaka, vile vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zilimowekwa vyombo vya kaure vilivyoletwa na biashara ya bahari. Mwombe mhudumu ruhusa ya kutumia tochi, uimulike nakshi ya chokaa kutoka ubavuni. Ukiimulika usoni inakuwa bapa. Ukiimulika kwa pembeni kila mkato unatupa kivuli chake na mkono wa fundi unaonekana. Usiguse, chokaa ya zamani hubomoka. Ulizia pia birika la maji, ambamo walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu.

Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na kuwa gereza hadi 1984, haihitaji maandalizi makubwa. Panda juu tu, utazame mapaa.

Ndipo uingie makumbusho ya ufukweni. Nenda kwenye siwa mbili, zile baragumu kubwa za sherehe, ya shaba ya Lamu na ya pembe za ndovu ya Pate. Ile ya Pate ina urefu unaozidi mita 2. Wengi hutafuta pa kupulizia kwenye ncha. Tundu liko ubavuni. Litafute, kisha fuata polepole maandishi yaliyochongwa, bila kuharakishwa na kundi.

Ukipenda kuendelea hadi magofu ya Takwa, kisiwani Manda, zungumza na nahodha siku moja kabla. Mkondo unaopita mikokoni hupitika maji yakijaa, na yakianza kupwa mtalazimika kuondoka hata kama hujamaliza kuutazama msikiti.