Ukipewa karatasi ya homa ya ini B: namna ninavyolichunga ini langu lisifike kwenye saratani

Watu wa Damu Salama walikuja sokoni kwetu Kibaigwa, Dodoma, wakatandaza vitanda chini ya turubai, na mimi dalali wa mahindi nikapanga foleni, nisiwe muongo, kwa sababu ya soda. Damu inayochangwa hupimwa Ukimwi, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Wiki tatu baadaye simu ikalia. Yangu ilikuwa na B. Nilikuwa na miaka 36 na sijawahi kulazwa hata siku moja.

Kaka yangu mkubwa hakupigiwa simu. Yeye alianza kwa kushiba akila matonge mawili tu. Tukasema vidonda vya tumbo, akanywa dawa za vidonda miezi miwili. Akachanjwa chale ubavuni. Halafu macho yakawa ya njano na tumbo likajaa maji, na alipofikishwa kwenye ultrasaundi ini lilikuwa na uvimbe wa sentimita 11. Tulimzika akiwa na miaka 41. Inawezekana kabisa sote wawili tulikipata kirusi hiki tukiwa watoto katika nyumba moja, yeye na mimi, kwa wembe mmoja na kitanda kimoja.

Basi ukiwa na karatasi hiyo mkononi, fanya nilivyofanya, na ukwepe pale nilipokosea.

Kwanza isome vizuri. Kilichoandikwa HBsAg kikiwa chanya, maana yake kirusi kimo mwilini sasa hivi. Hii si homa ya manjano. Hiyo huletwa na mbu na ni ugonjwa mwingine kabisa. Rudia kipimo baada ya miezi sita. Mtu mzima aliyeambukizwa ukubwani mara nyingi hukifukuza mwenyewe, ni wachache chini ya 5 kwa kila 100 wanaobaki nacho. Kwa mtoto aliyeambukizwa wakati wa kuzaliwa ni kinyume chake: karibu 90 kwa kila 100 hubaki nacho. Kama miezi sita imepita na bado ni chanya, jua umekuwa mpangaji wa kudumu, au tuseme kirusi ndicho kimekuwa mpangaji kwako.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwenye zahanati ya kwanza niliambiwa ninywe maji mengi, nile matunda, "hiki hakina dawa". Nikaamini, nikapoteza karibu mwaka mzima. Ukiambiwa hivyo, shukuru kwa ushauri wa matunda kisha omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Ukifika kwa daktari, usiulize "nitapona?" tu. Mwombe kipimo cha wingi wa virusi, vimeng'enya vya ini vinavyoandikwa ALT na AST, hesabu ya chembe zinazogandisha damu ambazo karatasi huziita PLT, kipimo cha homa ya ini C na cha Ukimwi, na ultrasaundi ya tumbo. Mimi ni mtu wa mizani, nilifurahi kugundua kwamba kuna hesabu unayoweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Chukua AST yako, igawe kwa kikomo cha juu cha kawaida kilichochapwa pembeni, zidisha kwa 100, halafu gawa kwa PLT. Yangu ilikuwa AST 58, kikomo 40, PLT 170. Ikaja 0.85. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unasema mtu mzima mwenye B akizidi 0.5, ini limeshaanza kuwa na makovu ya kutosha kustahili dawa. Kwa hiyo nilirudi kwa daktari nikiwa na namba, na mazungumzo yakawa mengine.

Kwa nini makovu? Kirusi hiki huishi ndani ya seli za ini, na mwili unapokipiga vita unaziua seli zake wenyewe. Ini huota upya, linapigwa tena, linaota tena, miaka ishirini au thelathini. Kila seli inapojigawa kuna nafasi ya kukosea. Mwisho ini husinyaa na kuwa gumu, na katika ugumu huo saratani huota. Lakini B ina ujanja wa ziada: vinasaba vyake hujipachika ndani ya vinasaba vya seli, kwa hiyo saratani inaweza kutokea hata ini likiwa halijasinyaa. Ndiyo maana "ini lako ni laini" si ruhusa ya kupotea kliniki. Na ini haliumi. Likianza kuuma, huenda uvimbe umeshafika kwenye ngozi yake ya nje.

Dawa niliyopewa ni tenofovia, kidonge kimoja kila siku. Haikiui kirusi chote, inakinyamazisha, na hatari ya saratani inashuka, ingawa haifiki sifuri. Dawa hiyohiyo ni sehemu ya dawa za Ukimwi, kwa hiyo jiandae: mtu akiona kopo atakuwa na hadithi yake. Mimi mke wangu nilimwonyesha karatasi zote siku ya kwanza; wengine niliwaacha na hadithi zao. Usiache kidonge kwa sababu umejisikia vizuri. Ukiacha ghafla kirusi kinaweza kulipuka na kuliangusha ini ndani ya wiki chache. Figo zako nazo zipimwe mara kwa mara ukiwa unaitumia.

Sasa jambo ambalo lingemwokoa kaka: ultrasaundi kila miezi sita, pamoja na kipimo cha damu kiitwacho AFP. Si mara moja kwa mwaka, wala si "nikipata nafasi". Uvimbe wa ini unaweza kuongezeka maradufu katika miezi michache, na ukikamatwa ukiwa chini ya sentimita 3 kuna cha kufanya: kuukata, au kuuchoma kwa sindano maalumu. AFP peke yake haitoshi, kwa sababu kuna uvimbe usioipandisha kabisa. Na usisubiri uzee. Waafrika wenye B hupata saratani hii wakiwa vijana kuliko Wazungu. Kila msimu natenga gunia moja, haliuzwi mpaka siku ya kipimo. Nyumbani wanaliita gunia la ini.

Familia nzima ipimwe: mama, ndugu wa tumbo moja, mke, watoto. Watoto wangu walikuwa wameshachanjwa kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mke wangu alikutwa hana, akachanjwa dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Mjamzito mwenye B aseme mapema kliniki, kwani kuna dawa ya kunywa kabla ya kujifungua, na mtoto anatakiwa achanjwe ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Taiwani ilianza mwaka 1984 kuchanja watoto wachanga wa mama wenye B, kisha watoto wachanga wote kuanzia 1986, na saratani ya ini kwa watoto wa kule ikapungua kwa karibu nusu. Wembe, mswaki na mkasi wa kucha kila mtu awe na wake. Sahani moja ya ugali haina tatizo. Shemeji yangu bado ananitengea kikombe, nimemwacha.

Nimefika kwenye kazi yangu, mahindi. Mwenye B anayekula sumukuvu hatari yake ya saratani haijumlishwi, inazidishwa. Sumu hii hutoka kwenye ukungu wa mahindi na karanga, na kupika hakuimalizi. Sisi wa Dodoma hatuhitaji kusimuliwa: mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafa. Namna ya kujua mahindi yamekauka ni hii: tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha yatulie. Chumvi ikiganda pembeni mwa chupa, bado yana maji, yarudishe juani, na juu ya turubai, si juu ya udongo. Chambua punje zilizovunjika, zenye rangi ya ajabu, zilizoliwa na wadudu. Koboa; sumu nyingi imo kwenye ganda na kiini, kwa hiyo mimi mpenda dona sasa nala sembe isipokuwa mahindi niliyoyakausha mwenyewe. Karanga iliyosinyaa, tema. Na mahindi mabovu yasipelekwe kwenye pombe, kama tunavyozoea, maana sumu inahamia humo. Pombe yenyewe kwa mwenye kirusi niliifuta kabisa.

Kama karatasi yako inasema C, una bahati nisiyokuwa nayo mimi: vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya watu 95 kwa kila 100. Ila kama ini lilishasinyaa kabla ya kupona, endelea na ultrasaundi. B na C zote huhusishwa pia na saratani ya mirija ya nyongo iliyo ndani ya ini, kwa hiyo macho ya njano pamoja na mwili kuwasha usiyaite malaria.

Miezi yangu ni Januari na Julai. Julai mahindi mapya yameshaingia sokoni na hela ipo, na tarehe 28 ni Siku ya Homa ya Ini Duniani, siku aliyozaliwa Baruch Blumberg aliyekigundua kirusi hiki na kupewa Nobel mwaka 1976. Naenda asubuhi bila kula, maana tumbo likiwa na chakula picha haionekani vizuri, na karatasi zote za nyuma nazibeba kwenye bahasha moja ili daktari azilinganishe. Mara ya mwisho alizungusha kile kifaa ubavuni kwangu muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu vigae vya dari. Kisha akaniambia nifute mafuta, hakuna kitu. Saa nane nilikuwa sokoni, kulikuwa na fuso mbili zinasubiri kupakiwa.