Kadi za Kikuyu kutoka kinywani mwa cũcũ

Kadi zangu za kwanza zilikuwa 60: picha mbele, neno nyuma, yote nimeyatafsiri kutoka Kiswahili. Wanangu walizikariri chapuchapu. Siku mama yangu alipowaonyesha picha ya watu watatu, mkubwa akajibu kwa fahari, "Andũ ithatũ!" Cũcũ wake, yaani bibi yake, alicheka hadi mtoto akanuna. Ni andũ atatũ, kama Kiswahili kisemavyo watu watatu, si watu tatu. Nilikuwa nimewafundisha kuhesabu ĩmwe, igĩrĩ, ithatũ kama wimbo, basi.

Nikaanza upya, safari hii kwa sauti. Usimuulize mzee "hiki kwa Kikuyu kinaitwaje?" Atakupa neno moja na kunyamaza. Mwache na kazi yake mkononi, washa simu irekodi, umwombe aeleze anachofanya. Mama alikuwa anasuka kĩondo. Kwa dakika nne nikasikia maneno ambayo hata mimi sikuwa nayo.

Kata rekodi hizo vipande vifupi, kila kimoja ukipe namba ya kadi yake. Usiruke hatua hii: maandishi ya Kikuyu hayaonyeshi kupanda na kushuka kwa sauti, na mtoto anayesoma tu ataongea kama mgeni.

Sasa kata manila. Kila kadi ibebe umoja, wingi na idadi:

mũndũ ũmwe, andũ atatũ
mũtĩ ũmwe, mĩtĩ ĩtatũ
gĩtĩ kĩmwe, itĩ ithatũ

Mtoto anayesema watu watatu na miti mitatu hashangai. Ukimwonyesha tu, anashika.

Andika kwa mkono, na ĩ na ũ uziandike kwa kalamu nyekundu. Kikuyu kina irabu saba, Kiswahili tano, ndiyo maana wangu waliandika "mbori" wakimaanisha mbũri, yaani mbuzi. Sikio lao halikukosea sana, kwa kuwa ũ iko kati ya u na o, kama ĩ ilivyo kati ya i na e. Wanaoacha alama kwa sababu simu inawasumbua hunikera, nasema wazi.

Kadi kumi kwa wiki zinatosha. Kabla hujazitumia, msomee mzee zote. Mama alinirudishia nne katika kumi za kwanza, moja akaichana.

Jioni weka kadi kando, tega vitendawili. "Gwata ndaĩ!" Wakishaitikia "Ndagwata" bila kusukumwa, mpe cũcũ zamu ya kutega.